Alikwenda Ughaibuni Kujifunza Kuuguza

Siku binti yangu alipopanda ndege kwenda kujifunza kuuguza wazee wa watu, mimi nilikuwa na mikono miwili mizima. Hata wiki haikuisha. Asubuhi moja baada ya mvua niliteleza Gikomba, soko la mitumba ninakouza, nimejitwika fuko la sweta za watoto, na badala ya kuliachia fuko nikauachia mkono. Sweta hazikuingiwa hata na tone la tope. Mkono wa kulia ndio ulioingia chini yangu, ukavunjika juu kidogo ya kifundo, na mlio wake niliusikia mwenyewe.

Watu waliniinua. Mwenye meza ya viatu akakimbia kumwita jirani yangu, ambaye hushona na kurekebisha nguo vibanda vichache kutoka kwangu. Huyu jirani ni Mkamba, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, na tumeishi mlango kwa mlango mtaani Majengo tangu binti yangu hajaota meno. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali, akanishikia mkoba, akagombana na watu kwenye foleni kwa niaba yangu. Plasta ilikuwa haijakauka vizuri nilipomgeukia nikamwambia, "Huyu mtoto asijue."

"Haki ya Mungu, jirani," akasema. "Mdomo wangu umefungwa na kufuli."

Hakuniuliza kwa nini, maana hilo kwetu halina maswali. Aliye safarini haambiwi baya. Baba yangu alipofariki, kaka yangu alikuwa akifanya kazi Uarabuni, na kwa muda mrefu kila akipiga simu aliambiwa baba amelala, baba ameenda kuswali, baba amepata nafuu kidogo. Aliambiwa ukweli siku aliyoshuka ndege, akiwa ameketi, ameshikwa mabega huku na huku. Alilia, lakini hakumlaumu mtu. Angekuwa yeye ndiye aliyebaki nyumbani, angefanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo mimi kuficha mkono halikuwa jambo la ajabu. Lakini nilikuwa na sababu nyingine, na hiyo sikumwambia jirani wala mtu yeyote.

Binti yangu ni wa pekee. Baba yake alituacha angali shule ya msingi, akaenda mbele ya haki, na toka hapo tumekuwa wawili katika chumba kimoja, kitanda chake upande ule wa pazia na changu upande huu. Alipoingia chuo cha uuguzi nilivimba kichwa, sitaki kudanganya. Kisha chuo kikachagua wanafunzi wachache waende nchi moja ya baridi huko Ulaya, wakae miezi kadhaa katika nyumba ya wazee, wajifunze jinsi wenzetu wanavyowatunza. Binti yangu akawa mmoja wao. Majengo nzima ilinipongeza. Mama mmoja muuza samaki, ambaye mdomo wake haujawahi kupita bila kuacha jambo, akanipongeza halafu akaongeza, "Wakifanya vizuri huwa wanaitwa tena, wakishamaliza chuo. Wanapewa kazi kabisa. Wa shemeji yangu hajarudi mpaka leo."

Neno hilo liliniingia. Niliogopa kumpoteza, na niliogopa kumrudisha. Nilijua nikimwambia nimevunjika mkono atabeba mkoba wake arudi, namfahamu, ni mtoto wa kukata shauri kabla hujamaliza sentensi. Akishikwa hivyo mara moja, atashikwa maisha. Mimi nilitaka arudi kwa sababu anataka kurudi. Sikutaka arudishwe na plasta.

Basi nikaanza maisha ya mkono mmoja, na wa kushoto.

Kama hujawahi kusonga ugali kwa mkono mmoja nikueleze. Sufuria haikai. Ukisukuma mwiko inakwenda nao, inazunguka juu ya jiko kama imepandwa na mashetani, na wewe unaifuata. Nilijaribu kuibana kwa goti nikaungua. Nikahamia wali, kisha nikahamia mkate na chai. Mtandio nilijifunza kuufunga kwa meno. Kutawadha nilikuwa napangusa juu ya plasta kama dini inavyoruhusu, na kila nikipangusa nilijiona nimefanya kazi nusu. Nguo alinifulia jirani, naye alifua huku ananihesabia uchovu wake wote, kwa hiyo ilikuwa afadhali ziwe chache.

Hayo yote yangevumilika. Lililonishinda ni kula.

Nyumba yetu ni zile za zamani za Majengo, vyumba vinatazamana na ua uko katikati. Ijumaa baada ya swala wanawake wa nyumba huwa tunakula pamoja hapo uani, sinia moja, kila mtu na upande wake. Ni desturi niliyoikuta, na jirani yangu Mkamba naye huja, maana pilau haina kanisa wala msikiti. Ijumaa ya kwanza baada ya kuvunjika niliketi pale nikatazama sinia. Mkono wa kulia umening'inia shingoni. Wa kushoto nimeulaza magotini. Tangu nikiwa mdogo nilipigwa kwa kuupeleka mkono huo kwenye chakula, na sasa ndio niliobaki nao.

Mmoja akanipa kijiko. "Tumia hiki, dada, wewe mgonjwa."

Najua ni ruhusa. Ustadhi mwenyewe angeniambia kula, Mungu si mgumu hivyo. Lakini niliona haya. Kijiko katika mkono wa kushoto kilikwenda upande, pilau ikaanguka kifuani, na wale wenzangu, kwa upole wao, wote wakatazama pembeni kwa pamoja. Huo upole ndio ulionimaliza. Nikasema sina njaa. Ijumaa iliyofuata nikasema nimefunga. Ile ya baadaye sikutoka chumbani, nikajifanya nimelala.

Nikawa nakula peke yangu, mlango nimeurudisha na pazia nimelivuta, kwa mkono wa kushoto, haraka haraka kama mwizi. Nilikuwa nasikia vicheko vyao uani na sufuria zikikwanguliwa. Sijawahi kuwa mpweke namna ile, hata nilipofiwa na mume. Mume alipokufa chumba kilijaa watu. Na mtoto alikuwepo.

Simu yake ilikuwa ikija kila jioni baada ya magharibi. Nilijitengeneza kabla. Simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, nikakaa upande ambao taa inanipiga usoni, leso nikajifunika mabega yote mawili hadi mapajani. Ukinitazama ungesema mwanamke anayesikia baridi kidogo.

"Niaje mathe! Uko poa?"

"Mimi si mathe wako. Mimi ni mama yako."

"Haya, mama yangu mzazi. Form ni gani hapo mtaani?"

"Hapa salama. Wewe umekula?"

Huo ndio ulikuwa ufunguzi wetu kila siku, naye alikuwa anaongea Sheng hiyo ya vijana makusudi anichokoze, maana alipokuwa shuleni nilimkataza isiingie nyumbani. Nikiisikia ikitoka kwenye simu, na nyuma yake dirisha jeupe na miti isiyo na jani, nilikuwa nataka kulia. Nikamwambia avae soksi.

Alikuwa akinisimulia kazi. Alipewa bibi mmoja wa kumhudumia, mzee sana, aliyekuwa mwalimu wa shule zamani. Asubuhi anamwamsha, anamsaidia kuoga, anamvisha, anampeleka mezani. Kinachomshangaza, akasema, ni kwamba hawaruhusiwi kumfanyia bibi kile anachoweza kufanya mwenyewe. Kama anaweza kushika kijiko, aachwe ashike, hata supu ikimwagika nusu.

"Na wewe unakaa unamtazama?" nikauliza.

"Nakaa naye. Si kumtazama. Nakaa tu hapo mpaka amalize."

"Hiyo ni adabu gani? Mlishe mzee wa watu."

Akacheka. "Ndiyo nilivyofanya siku ya kwanza, mathe. Nilichukua kijiko nikamlisha kama mtoto, na mwisho nikampangusa mdomo kwa khanga yangu. Msimamizi akaniita pembeni. Akaniambia yule bibi amekasirika, anasema anadharauliwa."

Nilimtukana msimamizi kimoyomoyo. Lakini baada ya kukata simu nilikaa na lile jambo. Mwanangu yuko mbali kiasi hicho, ameketi kando ya mwanamke anayemwaga supu, anamngoja amalize. Na mimi hapa nimevuta pazia. Niliona wivu. Niliuona waziwazi, wivu juu ya bibi kizee wa Kizungu ambaye hata sitamjua, na sikuwa na wa kumwambia.

Siku nyingine akanieleza kwamba kule mgonjwa anaambiwa kila kitu. Daktari anakaa mbele ya mzee, watoto wake wapo au hawapo, anamwambia moyo wako umechoka, hautapona, tuzungumze unataka nini.

"Anamwambia yeye mwenyewe?" Nilishtuka kweli. "Uso kwa uso?"

"Uso kwa uso, Mama."

"Hawana huruma hao."

Picha yake haikutikisika. Nikadhani mtandao umekatika, nikaisogeza simu. Kumbe alikuwa ananitazama. "Nilifikiri hivyo pia," akasema. "Lakini baadaye yule mzee alilala vizuri. Alisema sasa si lazima ajifanye."

Nikamwambia kila nchi na mambo yake, nikamuuliza kama wanapata nyama halali.

Kisha akaniambia habari ya kidude. Wazee wote wa pale huvaa shingoni kidude kidogo chenye kitufe, ukianguka au ukihitaji mtu unabonyeza, anakuja. Yule bibi yake alianguka bafuni akakaa sakafuni muda mrefu mpaka alipokutwa, kidude kiko shingoni. Walipomuuliza mbona hakubonyeza, akasema hakutaka kuwasumbua wasichana, walikuwa na kazi.

"Wewe, mathe, ungebonyeza?"

"Mimi ninavaa kidude cha nini? Nina majirani."

"Nauliza tu. Ungebonyeza?"

"Ningepiga kelele Majengo nzima ikaja," nikasema, tukacheka wote wawili. Mkono chini ya leso ulikuwa unanipwita.

Katikati ya safari yake alianza mchezo mwingine. Alisema wanafundishwa mazoezi ya viungo, na ili asisahau ni lazima ayarudie na mtu, kwa hiyo tuyafanye pamoja. Fungua vidole, funga. Gusa kidole gumba kwa kila kidole. Inua bega, shusha. Alikuwa mkali kama mwalimu wa gwaride. "Mikono yote, mathe, hata kama siioni." Nami, mjanja wa mjini, nikawa nayafanya chini ya leso, vidole vinavyochungulia mwisho wa plasta vinajikunja na kujikunjua, na ninajisifu kwamba namsaidia masomo huku mwenyewe napata dawa ya bure. Siku ya kutolewa plasta daktari alivisifu vidole vyangu. Akauliza nani alinielekeza. Nikasema ni mtoto wangu, anasomea kazi hiyo.

Mkono ulitoka mwembamba, na umepinda kidogo ukiutazama kwa ubavu. Nilirudi Gikomba kuchambua sweta, zile nzuri mbele, zile zilizolegea chini ya meza. Ijumaa nikarudi kwenye sinia. Walinisogezea nafasi tu, nami nikala kwa kulia mpaka nikavimbiwa.

Binti yangu aliporudi nilimpokea uwanja wa ndege pamoja na jirani. Alikuwa amenenepa mashavu, amevaa koti la kutosha watu wawili. Alinikumbatia kwa muda mrefu, akanishika mikono yote miwili akaitazama. Akaniambia tu, "Umekonda, mathe," nikamwambia ni joto. Jirani yangu alikuwa anatazama ndege.

Akarudi chuoni akamaliza mwaka wake. Huo ulikuwa mwaka mzuri. Usiku nilikuwa nasikia pumzi zake upande wa pili wa pazia na nilijisemea, amerudi, yamekwisha. Muuza samaki nilimsalimia kwa kichwa juu. Sikuwahi kumuuliza binti yangu kama kule walisema lolote kuhusu kazi. Naye hakutaja. Tulikuwa tunaongea mambo yote ya dunia tukiliruka hilo moja.

Aliponiambia ilikuwa Jumapili mchana, tunafua uani. Watu walikuwa makanisani na kwenye ziara zao, ua wote wetu. Yeye alikuwa kwenye beseni la sabuni, mimi nasuuza.

"Mama," akasema. Hakusema mathe, nikajua. "Wamenipigia wale wa kule. Wananitaka. Mwezi huu."

"Na wewe?"

"Nimewakubalia."

Nilikuwa na neno moja nimelihifadhi. Nilikuwa nimejiapiza nisilitumie, na kumbe muda wote nilikuwa nimelishikilia kama mtu anayeficha karata yake ya mwisho. Nililitoa. Nikamwambia, "Ulipokuwa kule nilivunjika mkono. Huu. Wiki nyingi nilikaa humo ndani nakula peke yangu kama mbwa, na sikukuambia."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua kola ya shati lake la chuo.

"Najua," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nilijua kesho yake, Mama. Jirani alinipigia simu analia. Alisema umemwapisha na ameshindwa kulala. Nikamwambia asikuambie kwamba amesema."

"Na ukanyamaza? Miezi yote hiyo?"

"Wewe ndiye ulitaka ninyamaze." Sasa akanitazama. "Nilikuwa nimeshaanza kuulizia ndege. Kila jioni nikipiga nilikuwa nasema, leo ataniambia. Nikakuhadithia yule bibi. Nikakuhadithia madaktari wa kule. Nikakuuliza ungebonyeza kitufe. Nilikuwa nangoja neno moja tu kutoka kwako, Mama, uniambie njoo. Ukawa unaniuliza kama nimevaa soksi."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji na sikuwa nafanya nayo chochote.

"Ningekuambia, ungekuja?"

"Siku ile ile."

"Na kwa nini sasa unaenda?"

Alifikiri. Mwanangu hasemi uongo akifikiri. "Kwa sababu hukuniita. Nililia wiki ya kwanza. Ya pili nikaanza kusema, huyu Mama anaweza bila mimi, na hataki nimhurumie. Nikafungua mkoba nikarudisha nguo kabatini. Baada ya hapo nikaanza kuipenda kazi. Naipenda, Mama. Yule bibi alikuwa ananingoja kila asubuhi."

Nilimkasirikia jirani, nikajikasirikia mimi, nikamkasirikia hata yule mwalimu mzee wa watu. Hasira zote hizo hazikunisaidia. Kilichobaki ni kile ambacho sikukisema wakati ule, nami nilijua hakina kazi tena, ameshawapa neno lake na moyo wake pia. Nilikisema hata hivyo. Nikamwambia, "Baki. Mimi siwezi bila wewe. Nakuomba ubaki."

Sikuwahi kumwomba mwanangu kitu.

Alilia. Akajifuta uso kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na povu. Alisema asante kwa kumwomba, akairudia, lakini hakusema atabaki. Tukamaliza kusuuza, tukalikamua shuka kubwa, yeye kashika ncha ile na mimi hii, na kabla ya mwezi kuisha akaenda.